Mpiga Mbizi wa Katwe Asiyejua Kuogelea

Mume wangu Yafesi hawezi kusema "sijui". Ukimuuliza njia ya kwenda mahali ambapo hajawahi kufika atakuelekeza, tena atakuongezea na njia ya mkato. Nimeolewa naye miaka, nimezaa naye Wivine, na neno hilo sijalisikia kinywani mwake hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mtu huyu alitoka hapa Bwera akasafiri mpaka baharini kuwa mpiga mbizi, naye kuogelea hajui, msianze kushangaa mapema. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja nilikuwa sijui kwamba hajui.

Mimi ni Jeanine, wa Butembo, Kongo, upande wa pili wa mpaka wa Uganda. Nilivuka hapa Mpondwe wakati wa bunduki nikiwa na sufuria, godoro na kaka yangu Sosthène, na katika hivyo vyote Sosthène ndiye aliyekuwa mzigo. Sasa yeye anaendesha lori la mizigo la mtu mwingine, mimi nauza chumvi soko la Bwera. Kiswahili changu ni cha kwetu Kongo, cha kusema mutu na beko, lakini hapa nakinyoosha ili hata mtu wa mbali anifuate. Yafesi ni Mukonzo wa hapa hapa, Mprotestanti wa kuzaliwa, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kuvunja chumvi ziwani Katwe. Yeye alivunja, mimi nilinunua, ndivyo tulivyojuana. Wanaosema nilimpenda ili nipate chumvi kwa bei ya jumla hawajakosea sana.

Kwa asiyeijua Katwe, lile si ziwa la samaki. Ni maji mazito yanayonuka mayai viza, na chini yake kuna chumvi iliyoganda ngumu kama saruji. Mwanaume anaingia mpaka kifuani, anaivunja kwa mtaimbo, anaipakia kwenye chelezo, anarudia mpaka jua lizame. Maji yale yanakushika. Ukitaka kuchuchumaa yanakusukuma juu, ukijilaza unaelea huku umekunja mikono kifuani kama maiti wa heshima. Na yanakata ngozi. Kuna sehemu ambazo mwanaume hataki zikatwe, basi huvaa mipira, ile ile ambayo watu wa afya hugawa bure kwa shughuli nyingine. Muuguzi mmoja mgeni aliwahi kusimama mbele ya watu akaisifu Katwe kwa kuongoza wilaya nzima kwa kujikinga. Watu walipiga makofi na hakuna aliyemsahihisha.

Lakini mpira wa mguu haujatengenezwa. Mguu wa kushoto wa Yafesi ulikuwa na kidonda mbele ya muundi ambacho hakikuwahi kukauka tangu Wivine aanze kutembea. Kilikuwa kinapumzika Jumapili, Jumatatu kinafunguka tena. Mwishowe nilimburuta mpaka hospitali ya misheni kule Kisinga. Daktari alikitazama, akakibonyeza pembeni, akanitazama mimi badala yake, kwa sababu madaktari wanajua nani katika nyumba anasikiliza. Alisema kwamba akiingia ziwani msimu mwingine mmoja, mguu huo utakuja kubaki hapo hospitali na yeye atarudi nyumbani bila huo mguu.

Sikuhitaji kuelezwa. Nyumbani kwangu anaishi mtu kama huyo. Baba mkwe wangu, mzee Asanasio, alivunja chumvi Katwe kabla ya mwanawe, na mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti katika hospitali hiyo hiyo. Aliwahi kuwa askari kidogo, kwa hiyo haombi kitu, anaamuru. Kuhusu mguu wake ana mizaha ya kutosha harusi nzima. Husema umetangulia mbinguni kumshikia nafasi. Padre akileta komunyo nyumbani kwa ajili yangu nikiwa mgonjwa, Asanasio, ambaye si Mkatoliki, humuuliza kama kule ng'ambo mguu peke yake unahesabiwa dhambi zake au unangoja mwili uliobaki.

Mzee huyu ana fundisho moja ambalo Katwe nzima wanalifuata kuliko mahubiri. Kila hospitali, kila bibi, kila mwalimu wa shule atakuambia usafishe kidonda kwa maji ya chumvi. Sasa, anasema Asanasio, sisi tunashinda ndani ya dawa kutwa. Mguu unaooza ndani ya dawa ulikuwa mbovu toka tumboni. Kwa hiyo wanaume wa Katwe wakitoka ziwani huiacha chumvi ikauke miguuni mpaka iwe nyeupe, wanavaa suruali juu yake, wanakwenda kunywa. Maji ya bomba kule hununuliwa kwa jeriken na ni ya kupikia. Nani akanunue maji ili aondoe dawa ya bure? Yafesi alirithi kiwanja cha baba yake, mtaimbo wa baba yake, na fundisho la baba yake, na sasa alikuwa anaelekea kurithi hospitali.

Bahari iliingia nyumbani kwetu kupitia watalii. Wanapenda Katwe, watalii. Wanakuja kupiga picha za watu wakiteseka kisha wanakwenda kuona viboko. Siku hiyo walikuja mke na mume, wakamkuta Yafesi amesimama majini kifua wazi. Kupitia mtu aliyewaongoza, yule mwanamke alimuuliza anakaa majini kwa muda gani. Yafesi akajibu "siku zote", na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa ametia chumvi. Mwanamke akafurahi. Akamweleza kwamba wao pia ni watu wa maji. Wanazunguka dunia kwa kupiga mbizi, na wakitaka kuendelea kuzunguka wanatafuta kazi huko huko waliko: kwenye boti, kwenye vizimba vya samaki baharini, kwenye bandari wakisugua matumbo ya meli. Wanatalii, wanafanya kazi, wanatalii tena. Akamwachia namba ya mtu anayeitwa Nasif, karibu na Mombasa, anayefundisha kuzamia na anayempokea hata mtu asiye na kitu mradi abebe mitungi ya hewa.

Jumapili Yafesi alitufikishia habari hizi kwa hasira. Kilichomchoma si kwamba kuna kazi, bali kwamba kuna watu wanalipa kuingia majini. Yeye ameingia maisha yake yote bila tiketi na hakuna aliyemwambia kwamba ni starehe. Asanasio alisema Mzungu atalipa hata kuzikwa ukimwahidi picha. Mimi nilikuwa nacheka nao, mpaka Yafesi alipoonyesha kwenye simu nguo wanayovaa. Ni ya mpira mzito, kutoka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Inafunika muundi?" nikauliza.

"Inafunika kila kitu."

Hapo nikaacha kucheka. Mume wangu ni mtu wa maji. Ukimweka dukani atagombana na wateja, ukimpa jembe atalielekeza jembe jinsi ya kulima. Kama ipo duniani kazi ya maji ambayo mguu unavalishwa, basi ndiyo hiyo hiyo. Nikaanza kumsukuma. Nilimsukuma mezani, nikamsukuma kitandani, nikamsukuma mbele ya mchungaji wake, ambaye alidhani ninamfukuza.

Asanasio hakuafiki. "Mutu anakimbia maji," alisema, "na anakimbilia kwenye maji mingi zaidi. Akili ya namna gani hiyo?" Nikamwambia anyamaze, kwa heshima zote.

Maandalizi yalifanyika nyuma ya nyumba, ndani ya pipa la maji ya mvua. Yafesi alikuwa amepata miwani ya kuzamia katika mitumba ya Kasese, na kila asubuhi kabla ya kwenda popote alitumbukiza kichwa pipani huku makalio yakielekea barabarani. Majirani walikuja na viti. Mzee wa kanisa lake aliposikia kwamba Yafesi anazamishwa majini nyumbani kwa mwanamke Mkatoliki, alikuja kutuonya dhidi ya madhehebu mapya. Akaondoka akiwa amejaribu miwani.

Sosthène ndiye aliyempeleka. Lori lake lilikuwa linashuka Mombasa kupakia mizigo ya Butembo, na utingo alikuwa amemtoroka, kwa hiyo Yafesi alisafiri kama utingo. Nilimsindikiza mpaka Kikorongo, pale njia panda. Alikuwa amevaa suruali ndefu na chini yake nilikuwa nimekifunga kidonda kwa kitambaa safi. Nilimwambia kama atarudi na mguu mmoja asirudi kwangu, maana mguu mmoja ninao tayari nyumbani na unanisumbua. Alicheka. Mimi nililia mpaka Bwera, na dereva wa bodaboda akadhani nimefiwa akanipunguzia nauli.

Yaliyotokea pwani nimeyapata kwa Sosthène, aliyebaki siku kadhaa akingoja mzigo, na kwa Nasif mwenyewe, ambaye baadaye alinipigia simu kunipa pole kwa kuolewa.

Nasif alimuuliza Yafesi swali la kwanza ambalo kila mwalimu wa kuzamia huuliza: unajua kuogelea? Yafesi akajibu kwamba amefanya kazi ndani ya maji ya chumvi tangu ujana. Ni kweli tupu, na si jibu. Nasif, mtu wa adabu za pwani, akaona si vizuri kumuuliza mtu mzima mara ya pili. Akampa nguo ya mpira. Yafesi akaivaa peke yake nyuma ya mlango ili kidonda kisionekane.

Wapiga mbizi huvaa mkanda wenye vipande vya risasi, ile metali nzito, ili mwili uweze kushuka. Nasif alimpimia Yafesi vipande vya kumtosha. Yafesi akavitazama kwa huruma. Akafikiri, hawa watu wazuri lakini chumvi hawaijui. Yeye aliyejua jinsi maji ya chumvi yanavyomtupa mtu juu, hata na mtaimbo mkononi, avae vipande hivi vya kuchezea? Ataelea kama kizibo mbele ya watalii, na jina la Katwe litaingia aibu. Basi wakati boti ikielekea kwenye mwamba, alichomoa vipande kwenye mikanda ya wenzake, kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule, akavijaza kwenye wake. Kisha akapiga hatua akaingia baharini, ameshika kiuno.

Sosthène anasema maji hata hayakuruka. Alikuwepo, kisha hakuwepo.

Namshukuru Mungu na Bikira Maria kwamba pale chini hapakuwa mbali na mpira wa hewa ulikuwa mdomoni. Nasif alijitupa nyuma yake akiwa ameshaanza kufikiria atamwambia nini mjane. Akamkuta Yafesi amesimama wima kwenye mchanga wa chini, anatembea. Hakuwa anatapatapa wala kupiga mateke. Alikuwa anatembea polepole kuelekea ufukweni, kama mtu aliyemaliza zamu, akipumua kidogo kidogo jinsi wanavyopumua Katwe ili wasivute ile harufu. Samaki walikuwa wanampisha. Nasif alilazimika kumvua mkanda kwa nguvu ili ampandishe, kwa sababu Yafesi aliona hakuna haraka.

Walipofika juu Nasif alimtukana kwa Kiswahili kizuri sana, Sosthène anasema yale matusi yangefaa kufundishwa shuleni. Yafesi naye alikuwa amekasirika. Alikuwa ameonja yale maji.

"Haya maji mumeyachanganya," alimwambia. "Hii si chumvi. Hii ni supu ya mugonjwa."

Ndipo ikajulikana kwamba hajui kuogelea. Katwe hakuna anayeogelea. Kuna haja gani, wakati hata ukitaka kujizamisha maji yanakukatalia? Alikuwa amechukulia kwamba maji yote ya chumvi yana tabia moja, na kwamba kutozama ndiyo kuogelea kwenyewe. Nasif angemrudisha siku hiyo hiyo. Lakini Sosthène, ambaye ni mzigo lakini ni kaka yangu, alimwambia habari ya mguu na maneno ya daktari.  Nasif akasema mtu huyu haingii tena majini mpaka ajifunze kuelea kama mtoto, ufukweni, penye maji ya magotini, na kwa sasa atakaa nyuma aoshe vifaa.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo mimi huwa napandwa na presha.

Nyuma ya duka la Nasif kuna birika kubwa la saruji, limejaa maji ya bomba. Kila jioni watalii wakirudi kutoka baharini, kabla mtu hajanywa chai, zile nguo za mpira zinatumbukizwa humo. Zinasuuzwa ndani na nje. Mikanda inasuuzwa, miwani inasuuzwa, kila zipu inapitishiwa maji kwa kidole. Kesho tena. Maji yakianza kuwa na ladha yanamwagwa, yanawekwa mengine. Yafesi alifanya kazi hiyo siku ya kwanza akiona ni mambo ya kipwani tu, watu wanaopenda usafi kupita kiasi. Jioni ya pili aliacha nguo moja bila kuisuuza akaianika. Nasif akaja mbio. Akamwambia chumvi ikikaukia kwenye mpira inaukata. Leo huoni kitu, kesho huoni kitu, baada ya muda unakuta mpira umepasuka na haushoneki. Bahari yenyewe haina neno, akasema, ila usiiache ikukaukie.

Yafesi alisimama pale na ile nguo mkononi. Kisha, anavyonieleza, aliinama akakunja suruali, akatazama muundi wake, ambapo maji ya bahari ya somo la asubuhi yalikuwa yameshakauka yakaacha mstari mweupe kuzunguka kidonda. Akaingiza mguu ndani ya birika.

Nasif akamkamata hapo. Mwanzo alipiga kelele kwa sababu ya maji yake, halafu akauona mguu. Akavuta kiti. Hakumwambia mambo mengi. Alimwambia tu kwamba kuanzia leo mguu huo utasuuzwa kwa mfereji kila jioni kama nguo nyingine zote, upakwe mafuta, ufungwe, na kama atauingiza baharini kabla haujafunga basi arudi kwake milimani akafuge mbuzi.

Simu zilianza kuja. Yafesi hakuwa ananiambia habari za bahari wala za watalii, ananiambia habari za muundi. Leo pembeni kumekauka. Leo hakuna usaha. Leo kumeanza kuwasha, daktari wa zahanati anasema kuwasha ni kuzuri. Mimi niko sokoni nimeshika simu, wateja wanangoja, nasikiliza habari za ngozi ya mume wangu kama matokeo ya mtihani. Siku aliyosema kimefunga, nilimpa mteja chumvi bila kupima. Jioni hiyo nilimwambia Asanasio kwamba kidonda kimepona. Akauliza ni dawa gani. Nikasema sijaambiwa, atatueleza mwenyewe. Akasema lazima ni sindano ya Kihindi.

Alijifunza pia kuogelea, kwa taabu, na watalii wakimpigia makofi. Lakini kilichompatia kazi hakikuwa kuogelea. Nasif miaka ya nyuma alikuwa na maisha kama ya wale watalii wa Katwe: msimu mmoja anawazamisha wageni, msimu mwingine yuko nje anasugua matumbo ya meli. Msimamizi wake wa zamani, mtu wa Shelisheli, alipita kutembea, na alikuwa anatafuta watu wa kusugua meli kwao. Huko hawataki mtu wa kuelea kwa madaha akitazama samaki. Wanataka mtu atakayesimama chini, mzito, gizani, ashike chuma avunje kilichoganda, asiogope, asiongee. Nasif akasema ninaye mmoja. Asiyeongea sina, lakini chini ya maji hata yeye hawezi. Wakamjaribu bandarini. Daktari wa wapiga mbizi akamvua suruali, akapitisha kidole kwenye ngozi mpya, akapiga muhuri.

Basi akarudi Bwera kutuaga, na mkataba mfukoni, na shingo imekuwa nyeusi kwa jua la pwani, akimpa kila mtu sokoni mawaidha kuhusu bahari. Nilimwacha aongee. Nilimwingiza ndani, nikakunja suruali, nikaushika ule mguu. Palikuwa na ngozi laini, ya waridi kidogo, kama ya Wivine alipozaliwa. Nikaubusu, mnicheke mkitaka.

Asanasio alikuwa kwenye benchi lake mbele ya nyumba. Naye alitaka kuona. Yafesi akaweka mguu juu ya benchi, mzee akaupapasa kwa kidole gumba juu mpaka chini, kama anayekagua bunduki.

"Sindano gani walikupiga?" akauliza.

"Hakuna sindano, Tata. Ni maji."

"Ya chumvi."

"Hapana. Ya bomba. Kusuuza tu jioni, ukitoka. Ile chumvi isikukaukie."

"Maji na nini?"

"Maji tu."

Yafesi akaendelea kumweleza, kwa sababu akianza hajui kuacha: birika, zile nguo, zipu kupitishiwa kidole. Mimi nilikuwa mlangoni na ndiyo mara ya kwanza nasikia yote. Damu ilinipanda. Nilisema maneno ya Kinande, lugha ya kwetu, ambayo siyaandiki hapa. Yaani nguo ya Mzungu, ya mpira, isiyo na mama, inaogeshwa kila jioni isije ikapasuka, na mume wangu nilikuwa namlaza na chumvi kwenye mfupa tukiita dawa? Nilikuwa bado naongea nilipomwona Asanasio. Mkono wake ulikuwa umeshuka kwenye kile kipande cha paja kilichobaki, umekishika. Nikanyamaza nikangoja mzaha. Mzee huyu kwa mguu wake ana mzaha kwa kila hali ya hewa, nikangoja, na haukuja.

"Maji tu," akasema.

Yafesi akatazama chini. 

Kisha Asanasio akauliza lori la Sosthène liko wapi.

Tulijaza maji katika jeriken zote za nyumba na za majirani, tukampandisha mzee mbele karibu na dereva. Tangu akatwe mguu hakuwahi kukanyaga Katwe. Alikuwa akisema hana kazi huko, na sote tulijua kwamba hataki wamwone.  Tulifika wakati wanaume wanatoka ziwani, wanapanda ufukweni mmoja mmoja, chumvi imeanza kuwakaukia, kuanzia kifuani kushuka weupe kama waliopakwa chokaa.

Yafesi akaanza kuwaeleza, na alieleza vibaya. Alianza na meli, akaenda Shelisheli, akafika kwenye samaki waliompisha. Walimcheka. Walimuuliza wanawake wa pwani wakoje. Mtu mmoja akasema ukitoka kwenu unarudi na tabia za kuoga. Kwetu Wakatoliki padre huosha watu miguu Alhamisi Kuu, na kila anayechaguliwa huwa ameshaiosha nyumbani kwa sabuni. Hawa hata mtume angewakimbia. Nilikuwa naangalia saa ya kwenda kuwapiga kofi mmoja mmoja.

Asanasio akamwambia Sosthène amshushe. Akakaa juu ya jeriken moja, akaweka nyingine kati ya paja na magongo yake. Kisha akafungua pini ya suruali upande wa kulia, ile ninayoifunga mimi kila asubuhi, akaikunja mpaka juu. Mimi nimeishi naye miaka yote hii na nilikuwa sijakiona kile kipande kikiwa wazi. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Wewe," akamwita Fred, kijana aliyeoa juzi tu, aliyekuwa mbele ya wote kwa kucheka. "Kuja hapa. Leta mguu."

Fred akasogea, lakini mguu hakuuleta. Akasema kwa heshima kabisa kwamba Mzee, ile ni dawa. Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha.

"Ni mimi," Asanasio akasema. "Niliwafundisha vibaya. Leta mguu."

Fred akauweka kwenye jiwe mbele yake. Muundi wake ulikuwa umechanika sehemu kadhaa, mistari miwili mitatu myekundu inayoanza. Mzee akainamisha jeriken, akamwaga polepole, na kwa kiganja chake akaisugua ile chumvi mpaka maji yaliyokuwa yanatiririka mchangani yakawa safi.  Wengine walikuwa wameanza kupanga mstari bila kuambiwa. Fred akasema asante, akataka kuondoka.

"Na ule mwingine."

"Ule mwingine iko muzima, Mzee. Haina kitu."

Asanasio akaweka kiganja chake chenye maji juu ya kile kipande cha paja.

"Hata huu ulikuwa hauna kitu," akasema. "Leta."

Fred akauleta.